Kioo cha Taka za Nyuklia na Maji ya Kaskazini Mashariki: Viambato Vinavyoamua Mpango wa Atomu

Utangulizi

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, swali la taka za nyuklia huulizwa kisimani. Ngamia wakifa bila ugonjwa unaotambulika, au saratani ikiingia katika nyumba ambayo wazee wake hawakuijua, hakosekani mtu wa kusema kwamba yapo mapipa yaliyozikwa mahali fulani jangwani, na kwamba waliyoyazika walikuja usiku. Uvumi huu una chanzo. Ng'ambo ya mpaka, Somalia ilipopoteza serikali yake mwaka wa 1991, pwani yake ndefu ilibaki bila mlinzi, na madai kwamba meli za kigeni zilitupa taka za sumu huko yakaenea. Mwanahabari Mwitalia Ilaria Alpi, aliyekuwa akichunguza biashara ya silaha na taka, aliuawa Mogadishu pamoja na mpigapicha wake Miran Hrovatin tarehe 20 Machi 1994. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, UNEP, yaani shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake makuu Nairobi, lilichapisha mwaka wa 2005 ripoti iliyoyataja madai hayo, yakiwemo ya taka zenye mionzi. Ujumbe wa wataalamu uliozuru sehemu tatu za pwani hiyo mwaka huohuo haukupata ushahidi wa taka za sumu katika sehemu hizo, lakini ulipendekeza uchunguzi zaidi.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutajwa sana katika mjadala wa aina hii, ila ina upungufu mmoja: haituambii lisemwalo liko katika umbo gani. Taka za nyuklia zilizo katika hali ya kimiminiko, ndani ya pipa la chuma linaloshika kutu, ni kitu kimoja. Taka zilezile zikiyeyushwa pamoja na mchanga na boroni zikawa gogo la kioo ni kitu kingine kabisa. Kiasi cha mionzi ni kilekile katika hali zote mbili. Tofauti imo katika jinsi atomu zilivyoshikana.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo hili kwa sababu ya maji. Chini ya ardhi kavu, tangu Merti katika kaunti ya Isiolo, kupitia Habaswein hadi Dadaab na Liboi na kuvuka mpaka, imelala hazina ya maji iitwayo Merti, ambayo kwa sehemu kubwa hufuata njia ya Laga Dera. Kambi za Dadaab zilizofunguliwa mwaka wa 1991, pamoja na wenyeji wanaozizunguka, hunywa kutoka humo. Sehemu kubwa ya maji hayo ni ya kale, na mvua huyaongeza polepole mno. Laga ikichafuka, huenda mafuriko ya msimu ujao yakaisafisha. Hazina ya chini kama hii ikichafuka, haina wa kuisafisha katika umri wa mtu.

Makala hii inanuia kufafanua jinsi viambato vya kioo cha taka za nyuklia vinavyoathiri mpango wa atomu zake, na jinsi mpango huo unavyoamua kama kioo hicho kitaweza kustahimili maji. Ikumbukwe tangu mwanzo kwamba Kenya haina kinu cha nyuklia, na kwa hiyo haina kioo cha aina hiyo. Hata hivyo, serikali imekuwa na mpango wa kujenga kinu, kwanza kwa kupendekeza Uyombo katika kaunti ya Kilifi, ambako wakazi waliupinga, na baadaye kwa kuelekeza macho Siaya. Si mapema mno kwa msomi wa Kiswahili kuufahamu msamiati wa jambo hili kabla halijafika barazani.

Kioo na fuwele

Neno kioo limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Kipo cha kujitazamia, kipo cha dirishani, na katika uhakiki wa fasihi kimekuwa sitiari iliyochoka, kwa kuwa kila tasnifu hudai kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Katika fizikia neno hili lina maana finyu zaidi. Kioo ni kigumu kilichotokana na kimiminiko kilichopoa haraka kiasi kwamba atomu zake hazikupata wasaa wa kujipanga. Ziliganda zilipokutwa. Kigumu ambacho atomu zake zilipata wasaa huo, zikajipanga safu kwa safu, huitwa fuwele. Chumvi ya mezani ni mfano wake ulio karibu.

Kwa msomaji wa mashairi tofauti hii si ngeni. Fuwele ni kama shairi la arudhi. Mtu akipewa ubeti mmoja wa tarbia yenye mizani 16 katika kila mshororo, anaweza kulitabiri umbo la ubeti wa 40 kabla hajausoma: mishororo minne, vina vya kati na vya mwisho mahali palepale. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka kanuni hizo bayana mwaka wa 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kioo nacho ni kama shairi huru, la aina iliyozidisha ubishi Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974. Wapinzani walidai kwamba mashairi hayo hayana kanuni. Madai hayo hayakuwa ya haki kwa ushairi, wala hayawi ya haki kwa kioo. Katika shairi huru kila neno bado hutii sarufi: ngeli hupatanisha, na kitenzi hubeba viambishi vyake. Kinachokosekana ni ruwaza inayojirudia kwa mbali.

Vivyo hivyo, katika kioo cha silika kila atomu ya silikoni imezungukwa na atomu nne za oksijeni, kwa umbali wa takriban nanomita 0.16, sawa na ilivyo katika fuwele ya kwatzi. Sarufi ya karibu ni ileile. Ila pembe zinazounganisha kundi moja la oksijeni nne na kundi la pili hubadilikabadilika, na baada ya hatua chache haiwezekani kutabiri atomu inayofuata iko wapi. Wazo hili la mtandao usio na mpangilio lilielezwa na William Zachariasen, mwanafizikia mzaliwa wa Norwe, mwaka wa 1932, na ingawa limerekebishwa hapa na pale, ndilo msingi wa yote yanayofuata.

Ulegevu huo wa mtandao ndio uliowavutia wataalamu wa taka. Kinu cha nyuklia huzalisha makumi ya elementi kwa pamoja: seziamu, strontiamu, molibdenamu, zirkoniamu, neodimiamu na nyingine nyingi, kila moja ikiwa na ukubwa wake na chaji yake. Fuwele yenye ruwaza kali ina viti vichache, na kila kiti kina umbo lake. Kioo, kwa kuwa viti vyake havifanani, humkalisha karibu kila mgeni. Wapo waliotetea fuwele, hususan wanasayansi wa Australia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na hoja zao zina nguvu kwa taka za plutoniamu. Lakini viwandani kioo ndicho kilichoshinda.

Mchanga na magadi

Mchanga safi wa silika huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,700 za Selsiasi ili uyeyuke. Tangu kale mafundi walijua dawa yake, nayo ni magadi. Magadi yanayolainisha maharage chunguni hulainisha pia mchanga tanurini, na ndiyo maana soda ya Ziwa Magadi, iliyoanza kuchimbwa kibiashara mwaka wa 1911, imekuwa ikinunuliwa na viwanda vya vioo vya nchi nyingi.

Jinsi magadi yanavyofanya kazi hiyo ni rahisi kueleza. Katika silika safi kila oksijeni ni daraja: imeshikwa na silikoni upande huu na silikoni upande ule. Oksidi ya sodiamu ikiingia, huleta oksijeni ya ziada isiyo na mahali pa kukaa. Daraja moja hukatika, na mahali pake hupatikana ncha mbili, kila moja ikiwa imeshikwa upande mmoja tu, na kila moja ikiwa na atomu ya sodiamu kando yake ya kuituliza chaji. Mtandao hulegea, na mchanga huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Ila kila daraja linalokatwa ni mlango unaofunguliwa kwa maji. Sodiamu ikizidi sana, hupatikana kitu ambacho kwa macho ni kioo lakini huyeyuka katika maji moto, na viwanda vya sabuni na gundi hukitumia kikiwa katika hali hiyo ya kimiminiko. Kwa sababu hii, kioo cha chupa huongezewa chokaa. Atomu ya kalsiamu ina chaji mbili, hivyo hutuliza ncha mbili kwa pamoja na haitoki kwa wepesi kama sodiamu. Chupa ya soda iliyotupwa kando ya barabara ya Garissa ina silika kiasi cha asilimia 70 na kitu, soda asilimia 12 hadi 16, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni chokaa.

Kwa nini basi taka za nyuklia zisiyeyushwe katika kioo cha chupa? Kikwazo ni joto. Tanuri la chupa huhitaji takriban nyuzi 1,500, na katika joto hilo seziamu, ambayo ni miongoni mwa elementi zenye mionzi mikali zaidi, hugeuka mvuke na kutoroka kwa bomba la moshi. Kilihitajika kiambato kitakachoshusha joto bila kukata madaraja mengi. Kiambato hicho ni boroni.

Boroni: mafiga matatu na mguu wa nne

Boroni inastahili kuzungumziwa kwa urefu, maana tabia yake ni ya ajabu kuliko ya viambato vingine vyote vya kioo hiki.

Atomu ya boroni ikiachwa peke yake na oksijeni, hukaa na tatu, zikiwa zimeizunguka kwa usawa mmoja kama mafiga yalivyouzunguka moto. Umbo hilo ni bapa, na mtandao unaotokana nalo ni laini. Tukiongeza sodiamu tungetarajia madaraja yakatike, kama ilivyotokea kwa silikoni. Halitokei hilo. Boroni huichukua oksijeni ile ya ziada na kuifanya mguu wake wa nne. Haikai tena bapa. Sasa ina umbo lilelile la silikoni, na hujiunga na mtandao kwa pande zote nne. Kwa kufanya hivyo hupata chaji hasi, na sodiamu hukaa karibu yake kuituliza. Kwa maneno mengine, sodiamu ileile iliyokuwa ikikata madaraja ya silikoni, hapa imesaidia kujenga daraja jipya.

Mwanaisimu hatashangaa sana. Umbo na ni kiunganishi katika "baba na mama", na ni kiambishi cha wakati katika "anasoma". Majirani ndio wanaoamua kazi yake. Sodiamu nayo ina kazi mbili, na aliye jirani yake ndiye anayeamua kama itabomoa au itajenga.

Ukarimu wa boroni una kikomo. Philip Bray wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kuyapima haya kwa chombo kinachotumia sumaku kali kusikiliza viini vya boroni. Kanuni yake ni ileile ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo hospitalini. Boroni ya mafiga matatu hutoa ishara moja, na ya miguu minne ishara nyingine, kwa hiyo inawezekana kuzihesabu. Waligundua kwamba mambo hutegemea uwiano. Molekuli za oksidi ya sodiamu zikiwa chini ya nusu ya zile za oksidi ya boroni, karibu sodiamu yote huenda kwa boroni na mtandao hukazika. Uwiano ukipita hapo, huanza kutegemea pia wingi wa silika, na hatimaye sodiamu ya ziada hurudia kazi yake ya zamani ya kukata madaraja. Mafundi wawili wanaweza kutumia viambato vilevile, wakatofautiana kwa asilimia chache tu, mmoja akatoa kioo kinachostahimili na mwingine akatoa kinachovuja.

Kioo kinachotajwa sana katika taaluma hii ni kile cha Ufaransa kiitwacho R7T7, kilichopewa jina la karakana mbili za La Hague zilizoanza kazi mwaka wa 1989 na 1992, baada ya ile ya Marcoule iliyotangulia mwaka wa 1978. Kwa uzito, takriban asilimia 45 yake ni silika, asilimia 14 ni oksidi ya boroni, na asilimia 10 ni oksidi ya sodiamu. Alumini, chokaa na viambato vingine hufuata, kisha taka zenyewe, ambazo kikomo chake kiliwekwa kuwa asilimia 18.5. Huyeyuka kwa nyuzi 1,100 hivi. Humiminwa katika mtungi wa chuma kisichoshika kutu, wenye kimo cha meta 1.34 na upana wa sentimita 43, unaobeba kilo 400 za kioo.

Wageni wasiokaa

Taka hazingoji kwa adabu kando ya mtandao. Zenyewe ni viambato, nazo hubadilisha muundo wa kioo kinachozipokea.

Alumini ni mgeni mwema. Ingawa chaji yake ni pungufu ya silikoni, hukaa katika kiti cha silikoni, ikishika oksijeni nne, mradi ipate sodiamu ya kuituliza. Tena huwahi sodiamu kabla ya boroni. Kwa hiyo fundi anayeongeza alumini bila kuongeza sodiamu atakuta boroni imerudi katika mafiga yake matatu. Kiasi cha wastani cha alumini huimarisha kioo sana. Kikizidi, huku sodiamu nayo ikiwa nyingi na kioo kikipoa polepole katikati ya mtungi mkubwa, huzaliwa fuwele za nefelini. Fuwele hizi hubeba alumini na silikoni kutoka katika kioo kilichobaki, na kukiacha kikiwa na boroni nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Tatizo hili linafahamika sana Hanford, katika jimbo la Washington, ambako matangi 177 yamehifadhi taka zilizobaki baada ya miongo ya kutengeneza plutoniamu kwa ajili ya mabomu. Huko wahandisi walijiwekea sharti: silika isipungue asilimia 62 ya jumla ya uzito wa silika, alumina na oksidi ya sodiamu. Sharti hilo ni la tahadhari mno, na wamelilalamikia wenyewe, kwani huwalazimisha kuweka taka chache katika kila mtungi.

Molibdenamu ndiyo mgeni msumbufu. Hufika ikiwa imeshikana na oksijeni nne zake, lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyo daraja la kuingia katika mtandao. Inaweza kufananishwa na neno la kigeni lililoingia katika sentensi bila kukubali ngeli wala kiambishi. Kundi hilo huelea katika mianya, likizungukwa na sodiamu na kalsiamu. Likiwa dogo, halina madhara. Likipita takriban asilimia moja au mbili, makundi hutafutana, hujitenga, na kutoa uchafu wa rangi ya manjano ambao huyeyuka katika maji kama chumvi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huondoka na seziamu na strontiamu. Salfa na kromiamu zina tabia inayokaribiana na hiyo. Katika kiwanda cha Mayak nchini Urusi, tangu mwaka wa 1987, njia nyingine ilifuatwa: kioo kilichojengwa kwa fosfeti badala ya silika, ambacho huwapokea wageni hawa kwa wepesi zaidi. Kasoro yake ni kuwa hula kuta za tanuri na hugeuka fuwele upesi kikipata joto.

Maji yanapokikuta kioo

Yote yaliyotangulia yangekuwa udadisi wa maabara laiti kioo kisingekutana na maji. Seziamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, hivyo katika karne chache nguvu zake huwa zimekwisha. Plutoniamu-239 huhitaji miaka 24,100 ili ipungue nusu. Hakuna jaribio linaloweza kufanywa kwa muda huo, kwa hiyo wanasayansi hutafuta mashahidi katika vioo vya kale, na baadhi ya mashahidi hao wako karibu na Garissa kuliko walivyo karibu na La Hague.

Katika kaunti jirani ya Lamu, kwenye kisiwa cha Pate, kuna magofu ya Shanga, mji ulioishi kuanzia karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Mwakiolojia Mark Horton aliuchimba katika miaka ya 1980, na miongoni mwa vilivyopatikana ni shanga za kioo. Shanga nyingi za mwambao wa Waswahili zilitoka Asia ya Kusini, na zina alumini nyingi kwa sababu ya mchanga wa huko. Zimelala karne nyingi katika udongo wenye unyevu na chumvi, na bado nyingi zinashikika na rangi zake zinaonekana. Linganisha na madirisha ya makanisa ya Ulaya ya karne za kati, yaliyotengenezwa kwa majivu ya miti: potasiamu na chokaa nyingi, silika chache. Mengi yameliwa na mvua hadi yakawa na vidonda. Shahidi wa tatu ni mkongwe zaidi. Huko Olorgesailie, kaunti ya Kajiado, watu wa miaka takriban 300,000 iliyopita walichonga zana kwa obsidiani, kioo kinachotemwa na volkano, walichokileta kutoka mbali. Obsidiani ina silika zaidi ya asilimia 70 na alumini ya kutosha, na maji huipenya kwa mikroni chache tu katika maelfu ya miaka.

Maji hushambulia kwa njia mbili. Kwanza hidrojeni yake huingia mahali pa sodiamu, na sodiamu hutoka; jambo hili hutokea kwa wepesi penye ncha nyingi. Pili, maji hukata madaraja yenyewe, silikoni moja baada ya nyingine. Kama mambo yangeishia hapo, kioo chochote kingekwisha mapema. Kinachookoa ni kwamba silikoni nyingi inayokatwa haiendi mbali. Huungana upya juu ya uso wa kioo na kufanya tabaka la jeli, lenye vitundu vidogo mno, ambalo huyazuia maji mapya. Kasi ya kuliwa hushuka hadi kuwa sehemu moja ya maelfu ya kasi ya mwanzo.

Hapa pana funzo linalopingana na mazoea ya akili. Zirkoniamu hushika oksijeni kwa nguvu, hivyo kioo chenye zirkoniamu nyingi huanza kuliwa polepole sana. Ungedhani nyingi zaidi ni bora zaidi. Utafiti uliochapishwa na Wafaransa mwaka wa 2008 ulionyesha kinyume chake: zirkoniamu ikizidi, hukataa kusogea, tabaka la jeli hushindwa kujipanga upya na kuviziba vitundu vyake, na mwishowe maji hupenya ndani zaidi kuliko katika kioo kilichoanza kwa udhaifu. Kioo kinachodumu ni kile ambacho, baada ya kuvunjika kidogo, huweza kujifunga.

Barazani

Tukirudi Garissa, baadhi ya maswali yanaweza sasa kuulizwa kwa usahihi. Taka zenye mionzi ambazo Kenya inazo hutoka katika hospitali, viwanda na kazi za ujenzi: kobalti-60 ya mashine za zamani za saratani, au seziamu na amerisiamu zilizo ndani ya vipimo ambavyo wahandisi wa barabara hutumia kupima msongamano wa udongo na watafutaji wa mafuta huvishusha visimani. Vitu hivi vimefungwa katika vidonge vya chuma na haviyeyushwi kuwa kioo. Huhifadhiwa katika kituo cha taifa cha Ololua, karibu na Ngong. Msimamizi wake ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Amerisiamu-241 hupungua nusu kwa miaka 432, na kidonge chake ni kidogo kuliko kidole. Kwa mchungaji, kidonge kilichopotea karibu na kisima cha utafiti ni hatari iliyo karibu kuliko kinu chochote cha Ulaya.

Na kama yapo mapipa, ubora wa kioo cha Wafaransa hauyahusu. Aliyetaka kuepuka gharama hakuwa na sababu ya kujenga tanuri la nyuzi 1,100. Mapipa elfu kadhaa ya sumu yaliyopatikana Koko, Nigeria, mwaka wa 1988 yalikuwa mapipa tu, na ndiyo yaliyochangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Bamako wa mwaka wa 1991, unaokataza kuingizwa kwa taka hatari barani Afrika, zikiwemo zenye mionzi. Kinachoweza kutatua uvumi wa jangwani ni kupima maji ya visima vya Merti mara kwa mara na kuyatangaza matokeo kwa lugha ambazo wanywaji wa maji hayo wanazisema.

Kuhusu kinu kinachokusudiwa, liko jambo ambalo hupotea katika hotuba za pande zote mbili. Si kila kinu huzaa kioo. Fueli iliyotumika hugeuzwa kioo pale tu inapoyeyushwa katika asidi ili uraniamu na plutoniamu zitolewe, kama inavyofanywa La Hague. Nchi nyingi hazifanyi hivyo. Huhifadhi fueli ikiwa nzima, nayo ni oksidi ya uraniamu, ambayo ni fuwele. Kwa hiyo mkazi wa Siaya au wa Kilifi atakayesimama barazani ana swali la kuanzia: fueli hiyo itabaki nzima, au itavunjwa? Ikibaki nzima, itakaa wapi na kwa miaka mingapi? Ikivunjwa, nani ataiyeyusha, na kioo kitakachorudi kina boroni kiasi gani, sodiamu kiasi gani na molibdenamu kiasi gani? Mzee wa Liboi, ambaye hajaalikwa katika baraza hilo, angeongeza moja: mtungi huo utapumzishwa juu ya maji ya nani?